Giza Lililokuwa Kazini: Kisa cha Msimu Mmoja wa Baridi katika Bustani ya Mimea

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu bustani moja ya umma ya mimea iliyoko katika nchi ya kaskazini, ambako sakitu huanza kuonekana mwezi Oktoba na ardhi huganda kwa wiki kadhaa kati ya Desemba na Machi. Jina la bustani, mji wake, majina ya watumishi na ya mkandarasi yameondolewa, na mambo machache yasiyobadilisha maana yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Nilikuwa mmoja wa watu watatu walioombwa kuupitia msimu huo ulipokwisha. Nilisoma madaftari ya zamu, nikazungumza na walinzi, watunza bustani na wahudumu wa kujitolea, na nikashinda siku nzima ndani ya kitalu nyumba kilichozua mjadala. Ninawaandikia wenzangu wanaopanga maonyesho ya majira ya baridi, hasa wale ambao idara yao ya matukio na idara yao ya mimea hukutana mara moja tu kwa mwezi.

Usuli

Bustani za nchi za baridi hukabiliwa na hesabu ngumu kila mwaka. Majani yanapopukutika wageni hupungua, ilhali gharama hupanda, kwa sababu nyumba za vioo zinazohifadhi mimea ya tropiki lazima zipashwe joto usiku na mchana, wageni wawepo au wasiwepo. Bustani nyingi zimejibu hesabu hiyo kwa maonyesho. New York Botanical Garden imekuwa ikionyesha treni ndogo ndani ya nyumba yake ya vioo tangu mwaka 1992, zikipita katikati ya mifano ya majengo ya jiji iliyoundwa kwa magome, majani, mbegu na vijiti. Bustani ya Kew jijini London ilianzisha njia yake ya taa za usiku mwaka 2013. Kamati ya bustani yetu ilikuwa na mifano hii miwili mezani ilipokaa kupanga msimu, na haikuchagua mmoja kati yake. Iliamua kufanya yote mawili, maonyesho ya ndani na njia ya taa ya nje, kwa idadi ileile ya watumishi.

Mpango uliopitishwa ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilikuwa njia ya taa, ambayo mgeni angeitembea usiku kuanzia mwisho wa Novemba hadi wiki ya kwanza ya Januari. Ya pili ilikuwa onyesho la poinsetia, mimea ya chunguni yenye majani mekundu ya sikukuu, zilizooteshwa hapohapo bustanini, litakalofunguliwa siku moja na njia ya taa. Ya tatu ilikuwa onyesho la okidi la mwezi Februari, ndani ya nyumba kubwa ya vioo. Ya nne, ambayo karibu isahaulike katika bajeti, ilikuwa matembezi ya mchana ya kuitazama mimea inayochanua kwenye baridi.

Inafaa msomaji aujue mpangilio wa mahali, kwa sababu kosa la kwanza lilizaliwa hapo. Kitalu nyumba ambamo poinsetia zilikuzwa kiko upande wa nyuma, mbali na macho ya wageni, kando ya barabara ya huduma inayopitisha mikokoteni na matrekta. Mwaka huo, ili kuepusha msongamano kwenye lango kuu, sehemu ya mwisho ya njia ya taa ilielekezwa kwenye barabara hiyohiyo. Umbali kati ya tao la mwisho la taa na ukuta wa vioo wa kitalu ulikuwa kama mita 12. Kwenye ramani ya idara ya matukio, jengo hilo liliandikwa neno moja tu: ghala.

Matukio kwa mfululizo wake

Mkandarasi wa taa alianza kazi katika wiki ya kwanza ya Oktoba, mapema kuliko ilivyo kawaida, kwa kuwa Novemba mafundi wake walikuwa na ahadi mahali pengine. Walisimika matao, wakatandaza nyaya, na kila jioni waliwasha sehemu iliyokamilika ili kuijaribu. Majaribio hayo yaliendelea hadi saa nne au saa tano usiku, na pale mafundi walipokuwa wakifanya kazi waliongeza taa zao kubwa za kumulikia. Hakuna aliyelalamika. Bustani ilikuwa imefungwa, watunza bustani walikuwa wamekwenda nyumbani, na giza lilionekana kuwa nafasi tupu inayosubiri kutumiwa.

Ndani ya kitalu mlikuwa na vyungu takriban 400 vya poinsetia, *Euphorbia pulcherrima*, mmea wenye asili ya Meksiko. Wekundu wake unaopendwa si wa petali. Ni wa majani maalumu yaitwayo brakti yanayozunguka maua madogo ya manjano, nayo hugeuka rangi pale tu mmea unapopata usiku mrefu usiokatizwa, kila siku, kwa muda wa wiki saba hadi kumi kulingana na aina. Wakuzaji wengi huhakikisha mmea unapata saa 14 za giza, na mwanga unaoweza kuonekana hafifu machoni mwa mtu unatosha kuuharibu mpango wote ukidumu usiku baada ya usiku.

Katikati ya Novemba, wiki mbili kabla ya ufunguzi, mtunza bustani wa zamu aliandika daftarini kwamba vyungu vya meza za kusini "vinachelewa". Neno hilo lilirudiwa siku nne mfululizo kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, na hakuna aliyekwenda mbele zaidi ya kuliandika. Walidhani ni mbolea, kisha wakadhani ni joto, na kidhibiti joto kikapandishwa nyuzi mbili. Siku ya tano msimamizi wa vitalu alirudi saa kumi na mbili na nusu jioni kuangalia feni iliyokuwa ikipiga kelele. Alipoinama kwenye feni aliona kivuli chake mwenyewe juu ya meza, kivuli chenye kingo nyekundu, ndani ya jengo ambalo taa zake zote zilikuwa zimezimwa. Alisimama akafuata mwanga kwa macho. Tangi la maji lililokuwa nje lilitupa kivuli kipana kilichokatiza meza mbili kwa mshazari, na palepale kivuli kilipoanzia ndipo poinsetia nyekundu zilipoanzia. Kwenye chungu kimoja kilichokuwa mpakani, tawi lililokuwa ndani ya kivuli lilikuwa limekolea rangi, na tawi la pili la mmea huohuo lilikuwa kijani kibichi, na wekundu mdogo tu kwenye mishipa ya majani ya juu.

Takriban theluthi mbili ya vyungu haikuwa na rangi ya kuonyeshwa.

Msimamizi alimpigia simu mratibu wa matukio usiku uleule, na asubuhi yake mkurugenzi aliitisha kikao. Maamuzi ya kikao hicho nitayaeleza katika sehemu inayofuata. Itoshe hapa kusema kwamba onyesho lilifunguliwa siku iliyopangwa, likiwa na sura tofauti na iliyochapwa kwenye mabango, na kwamba wageni walilipenda kuliko ilivyotarajiwa.

Desemba ilipita bila balaa kubwa. Mvua iliponyesha juu ya theluji, kipande cha njia kiligeuka barafu tupu, na msimamizi wa usalama akawaelekeza wageni kupita juu ya nyasi kwa usiku tatu, chini ya mti mkongwe wa jamii ya *Fagus*. Usiku wa kwanza ardhi ilikuwa imeganda na ilibeba uzito vizuri. Usiku wa pili na wa tatu hali ya hewa ilipata joto kidogo, tabaka la juu la udongo likayeyuka huku la chini likiwa bado jiwe, maji yakakosa pa kwenda, na maelfu ya nyayo yakaukanda udongo kama unga wa chapati.

Tukio la mwisho lilitokea Februari, Jumamosi ya pili ya onyesho la okidi, katika saa za jioni ambazo bustani ilikuwa imeongeza kwa ajili ya wafanyakazi wasioweza kuja mchana. Nje ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Nyumba kubwa ya vioo huingiwa kupitia chumba kidogo chenye milango miwili, ambapo wa nje hufungwa kabla wa ndani haujafunguliwa, ili hewa ya baridi ibaki imenaswa katikati. Utaratibu huo huingiza watu wanane au kumi kwa mara moja, na foleni ilikuwa ndefu, yenye watoto wachanga na wazee. Mhudumu wa kujitolea aliyekuwa mlangoni alimwona bibi mmoja akitetemeka, akachukua kabari mbili za mbao na kuizuia milango yote miwili isifunge. Foleni ikaingia ndani haraka. Milango ilibaki wazi kwa muda unaokaribia saa moja.

Kipimajoto cha nyumba hiyo kilikuwa kimening'inizwa katikati, juu ya bwawa, kwa urefu wa kichwa cha mtu. Hakikushuka chini ya nyuzi 16, na kengele ya tahadhari haikulia. Lakini hewa ya baridi ni nzito. Ilipita chini, sakafuni, usawa wa goti, palepale walipopanga okidi za *Phalaenopsis* na aglaonema, mimea ya tropiki ya majani ya mapambo, za kumkaribisha mgeni. Usiku ule hakuna kilichoonekana. Jumatatu majani ya aglaonema yalikuwa na mabaka ya rangi ya majivu, kama yaliyoloweshwa mafuta. Jumatano maua ya okidi za mbele yalikuwa yameanza kupauka na kudondoka moja moja.

Maamuzi na sababu zake

Katika kikao cha Novemba kulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kununua poinsetia zilizokwisha kugeuka rangi kutoka kwa mkuzaji wa biashara. Mratibu wa matukio aliitetea kwa hoja nzito: mabango yalishaahidi ukumbi mwekundu, na tiketi za wiki ya kwanza zilikuwa zimenunuliwa. Msimamizi wa vitalu aliikataa, kwa sababu mimea ya kutoka nje huingia karantini kabla ya kuwekwa karibu na mkusanyiko wa bustani. Inzi weupe huipenda poinsetia kuliko karibu mmea mwingine wowote wa chunguni, na kuwaondoa wakishaingia ni kazi ya mwaka. Njia ya pili ilikuwa kulifuta onyesho. Ya tatu, iliyoshinda, ilikuwa ya kuunganisha: vyungu vyekundu vionyeshwe mara moja katika ukumbi mdogo zaidi, na vya kijani vifunikwe kwa kitambaa cheusi kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, ili vifunguliwe kama nusu ya pili ya onyesho mwezi Januari.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo mkurugenzi alilipinga kwa siku mbili kabla ya kulikubali. Mtunza bustani mdogo kuliko wote alipendekeza kwamba chungu cha mpakani, kile chenye tawi jekundu na tawi la kijani, kiwekwe katikati ya ukumbi, na kando yake ipangwe meza moja ya vyungu vya kijani, pamoja na maelezo ya kilichotokea. Hofu ya mkurugenzi ilikuwa kwamba bustani itaonekana haijui kazi yake. Bango la kwanza lililoandikwa lilikuwa baya kweli: lilizungumzia "changamoto za mazingira" bila kusema zipi. La pili lilisema wazi kwamba taa za bustani yenyewe ziliizuia mimea kugeuka rangi, na kwamba taa nyekundu ndizo zilizochangia zaidi. Nadhani tofauti kati ya mabango hayo mawili ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata.

Mambo kadhaa yalikuwa yameamuliwa vizuri tangu mwanzo, nayo yanastahili kutajwa kwa sababu hakuna aliyeyaona. Njia ya taa ilizimwa saa nne usiku kila siku bila ubaguzi, na eneo la bwawa halikuwekewa taa yoyote ili bundi na wanyama wengine wa usiku wasisumbuliwe. Nyaya hazikukazwa kwenye matawi, na mkataba ulimlazimu mkandarasi kuziondoa kabla ya miti kuanza kukua tena. Barabara zilimwagiwa mchanga mkavu wenye changarawe ndogo badala ya chumvi. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu upesi, lakini maji yake huteremka hadi kwenye mizizi na kuizuia kunyonya maji hata udongo ukiwa umelowa, na bustani inayomiliki miti ya miaka mia haiwezi kuichukulia hatari hiyo kuwa ndogo.

Kuhusu mlango wa Februari, hapakuwa na uamuzi wa kikao. Palikuwa na mtu mmoja mwenye huruma, foleni, na kabari mbili. Alipoulizwa baadaye, alisema kwamba alidhani mlango wa pili uliwekwa ili kupunguza upepo unaowakera wageni. Hakuwahi kuambiwa vinginevyo. Maelezo ya zamu yake yalikuwa na mistari kumi na tano kuhusu tiketi na hakuna hata mmoja kuhusu mlango.

Matokeo

Vyungu vilivyofunikwa kwa kitambaa vilianza kuonyesha rangi karibu na Krismasi na vilikuwa tayari kuonyeshwa katika wiki ya pili ya Januari. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kitambaa hakitakiwi kugusa mimea, kwa hiyo fremu za mabomba zilijengwa juu ya kila meza. Na kitambaa chenye tundu ni sawa na kutokuwa na kitambaa. Mtunza bustani aliyebuni meza ya kijani alijiwekea desturi ya kuingia chini ya kitambaa mchana wa jua, akaketi hapo dakika tano mpaka macho yazoee, kisha kila tundu likawaka juu yake kama nyota. Aliyaziba kwa vipande vya gundi nyeusi, akitoka na magoti yaliyojaa udongo wa vyungu.

Meza ya kijani na nyekundu ikawa mahali ambapo wageni walisimama muda mrefu zaidi. Walinzi walilithibitisha hilo bila kuulizwa, kwa sababu walilazimika kuwasogeza watu. Walimu waliwaleta wanafunzi. Wageni waliokwisha kuiona meza waliitembea njia ya taa kwa jicho jingine, na wawili au watatu waliandika kwenye daftari la maoni wakiuliza kama miti iliyo chini ya taa hizo nayo haipati taabu.

Okidi za mbele ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kamelia zilizokuwa kwenye nyumba isiyopashwa joto sana, ambazo hupendelea ubaridi. Hasara ya mimea ilikuwa ya kuvumilika, kwa kuwa okidi za maonyesho ni za mseto na hupatikana tena. Aglaonema mbili tu zilikuwa za mkusanyiko wa kudumu, na zote mbili zilichipua upya kutoka shinani. Chini ya mti mkongwe, udongo ulitobolewa kwa hewa na kutandazwa matandazo ya magome, na eneo likazungushiwa kamba. Mizizi iliyobanwa huonyesha madhara yake baada ya misimu kadhaa, hivyo mti huo umeingizwa kwenye orodha ya kukaguliwa kila mwaka.

Na yale matembezi ya mchana? Yalijaa. Yalianza na watu saba siku ya kwanza, na ilipofika mwisho wa Januari ilibidi yafanywe mara mbili kwa siku. Hayakuwa na kifaa chochote zaidi ya kiongozi mmoja mwenye kioo cha kukuzia. Wageni walioneshwa *Hamamelis*, ambayo petali zake nyembamba kama utepe hujikunja sakitu ikizidi na kujikunjua tena hewa ikilegea. Walioneshwa *Helleborus* zilizolala chini alfajiri kana kwamba zimekufa, kisha zikainuka zenyewe kabla ya adhuhuri. Na ilipofika Februari walioneshwa *Galanthus* zilizotoboa theluji.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba idara mbili hazikuwasiliana, na taarifa ya ndani ya bustani ilisema hivyo. Sidhani kwamba maelezo hayo yanatosha. Idara hizo zilikutana mara tano kati ya Juni na Oktoba, na njia ya taa ilijadiliwa katika mikutano yote mitano. Walizungumza sana, lakini juu ya nyaya, njia za wagonjwa, kelele na maegesho. Hakuna aliyezungumzia giza, kwa sababu hakuna upande uliolihesabu giza kuwa ni kitu. Idara ya matukio iliona saa ambazo bustani haizitumii. Idara ya mimea, nayo, ilikuwa imeotesha poinsetia kwa miaka mingi katika jengo lililozungukwa na giza la bure, ikafika mahali ikasahau kwamba ilikuwa inalitegemea.

Maarifa yenyewe si mapya. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha kazi yao iliyoonyesha kwamba urefu wa mchana na usiku ndio unaoamua mimea mingi ichanue lini. Baadaye ilibainika kwamba mimea ya siku fupi, yaani inayochanua usiku ukirefuka kama poinsetia, huupima usiku kuliko mchana, na kwamba mwanga mwekundu ndio wenye nguvu zaidi ya kuukatiza usiku huo, kwa sababu ndio unaopokewa vizuri na fitokromu, protini ambayo mmea hutumia kutambua mwanga. Kila mtu aliyesomea kilimo cha bustani analijua hili. Kwa hiyo tao jekundu, lililochaguliwa kwa sababu ya rangi ya sikukuu, ndilo lililozinyima poinsetia rangi hiyohiyo. Msimamizi wa vitalu aliponieleza jambo hilo alicheka, lakini alicheka kama mtu aliyekwisha kulisimulia mara nyingi bila kucheka.

Daftari la zamu nalo linafaa kutazamwa kwa makini. Watu watatu waliona tatizo na wote waliliandika. Kuandika kukawa badala ya kutenda, na neno "vinachelewa" likafanya kazi mbaya, kwa maana lilidokeza kwamba subira ingetosha. Kama mmoja wao angechora tu ramani ya meza na kupaka rangi vyungu vyekundu na vya kijani, umbo la kivuli lingejitokeza siku ya kwanza. Tulijaribu zoezi hilo wakati wa tathmini kwa kutumia picha za simu za Novemba. Lilichukua dakika ishirini.

Sehemu ninayoiona kuwa nzito zaidi, na ambayo watumishi hawakupenda kuisikia, ni hii: mafanikio ya meza ya kijani yaliwaponza. Ilikuwa kazi nzuri, ya kweli, na ninaisifu. Lakini kosa liligeuka kuwa kivutio kwa haraka kiasi kwamba hakuna aliyelifuatilia hadi kwenye chanzo chake. Desemba nzima kikao cha wiki kilizungumzia idadi ya wageni kwenye meza hiyo. Hakuna kikao kilichouliza swali ambalo lilikuwa wazi: ikiwa giza lilikuwa kifaa cha kazi tusichokiandika popote, ni vifaa gani vingine tunavitumia bila kuviandika? Swali hilo lingeufikia mlango wa nyumba ya vioo ndani ya saa moja. Mlango ule ulikuwa ukifanya kazi ya kutenganisha mazingira mawili yasiyopatana, na kazi hiyo haikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mhudumu. Ardhi iliyoganda nayo ilikuwa ikifanya kazi, kwa kuwa ndiyo iliyobeba umati usiku wa kwanza, na ilipoacha kuifanya hakuna aliyekuwa na jukumu la kulitambua hilo.

Kuhusu mhudumu wa mlangoni, sioni sababu ya kumlaumu, na nilishangaa kukuta jina lake katika rasimu ya kwanza ya taarifa. Aliyoyajua yalimwelekeza kwenye uamuzi sahihi. Bibi aliyekuwa akitetemeka alikuwa hatari ya kweli, na bustani haikuwa imempa mhudumu njia nyingine ya kumsaidia: hapakuwa na hema la kusubiria, tiketi hazikuwa za saa maalumu, wala hapakuwa na mtu wa kumpigia simu. Kosa la kipimajoto ni kubwa zaidi kuliko lake. Chombo kilichowekwa mahali pazuri kwa msomaji wake, na si mahali palipo na hatari, hutoa faraja isiyostahili. Nyuzi 16 zilizosomwa juu ya bwawa zilikuwa kweli tupu, na hazikuwa na uhusiano wowote na kilichokuwa kikitokea kwenye usawa wa goti. Tena majeraha ya baridi kwenye mimea ya tropiki huchelewa kujitokeza, hivyo anayesubiri kuona ushahidi kabla ya kufunga mlango amekwisha chelewa kwa siku mbili.

Matembezi ya mchana yalifanikiwa kwa sababu ambayo haikukusudiwa. Ndiyo sehemu pekee ya mpango iliyoyachukua majira ya baridi kama yalivyo. Njia ya taa ililihitaji giza ili lipambwe, na maonyesho ya ndani yaliihitaji baridi ibaki nje. Matembezi hayakuhitaji chochote kibadilishwe, na sakitu ilipozidi yalipata jambo la ziada la kuonyesha. Simaanishi kwamba bustani ziache taa na okidi. Fedha za taa ndizo zilizolipia kupasha joto nyumba za vioo Januari nzima, na mkurugenzi alikuwa na haki ya kutukumbusha hilo kila tulipojisahau. Ninachosema ni kwamba sehemu iliyopewa bajeti ndogo kuliko zote ndiyo iliyokuwa na hatari ndogo kuliko zote, na hakuna aliyeliona hilo kabla ya Machi.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuwa mengi. Tao la mwisho lilihamishwa, na majaribio ya taa karibu na kitalu yakapigwa marufuku kuanzia Septemba 15 hadi poinsetia zitakapotoka. Vipimajoto viwili vipya vilifungwa kando ya milango, kwa urefu wa nusu mita. Karatasi ya mhudumu wa mlangoni ina mistari minne sasa, na wa kwanza unaeleza mlango wa pili ni wa nini. Kwenye ramani ya idara ya matukio, neno "ghala" limefutwa, na mahali pake msimamizi wa vitalu ameandika kwa mkono wake: hapa tunatumia usiku.